Vipande vya Jioni

Mama aliuza matunda Isebania kwa zaidi ya miaka ishirini, hatua chache kutoka pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Sirari. Tikiti maji alilikata kwa kisu kirefu kilicholika katikati kwa kunolewa mno, akapanga vipande kwenye sinia na kuvifunika nailoni nzi wasivisogelee. Embe zima likikosa mnunuzi hulala hadi kesho. Tikiti likishakatwa halilali. Basi saa moja jioni, wateja wa mwisho wakishapanda magari yao, vipande vilivyobaki vilikuwa vyetu sisi watoto, na hatukula kimoja au viwili. Tulikula mpaka sinia ikaonekana.

Usiku ndipo nilipolipia. Tumbo lilianza kunguruma kabla sijapata usingizi, kisha likajaa na kukaza hata nikilala chali naliona limeinua shuka. Msokoto ulianzia chini ya kitovu, ukapanda, ukashuka, na nikijua nina dakika mbili tu nilishika tochi nikakimbilia choo cha nje. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Kaka zangu wawili, waliokula sinia ile ile na pengine zaidi yangu, walilala fofofo. Kwa mtoto hilo ndilo lililouma kupita maumivu yenyewe: chakula kimoja, nyumba moja, na mimi peke yangu gizani. Bibi, mama yake mama, alisema nina tumbo la mgeni. Hakusema kwa ubaya. Alimaanisha kwamba tumbo langu halikuwa limezoea nyumba.

Ugonjwa huo ulipewa majina mengi. Minyoo lilikuwa la kwanza, na nilimeza dawa yake kila muhula kama wanafunzi wengine. Likafuata ameba, na zile tembe zinazokuachia ladha ya chuma mdomoni wiki nzima. Nilipomaliza chuo na kurudi kufundisha karibu na nyumbani, jina likawa taifodi. Nilipimwa taifodi mara saba katika miaka minne, na mara tano niliambiwa ninayo. Niliuziwa antibiotiki mara hizo tano, na kila dozi ilipokwisha nilipata nafuu ya siku chache, kisha jioni moja ya maembe ikanirudisha nilikotoka.

Sasa najua kwamba kipimo kile, Widal, kilianza kutumika mwaka wa 1896, na kinachopima ni askari wa mwili walioumbwa kupigana na bakteria wa taifodi. Askari hao hubaki kwenye damu baada ya vita kwisha, na hujitokeza hata kwa maambukizi mengine yanayofanana. Katika nchi ambayo watu wengi wamewahi kukutana na bakteria huyo, kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kumwambia mtu anaumwa nini leo. Kuotesha damu maabara ndiko kunakoaminika zaidi. Lakini kwenye kliniki ndogo ya mpakani, saa nne asubuhi, na wagonjwa ishirini wakingoja kwenye benchi, Widal hujibu haraka na kwa bei nafuu. Siwalaumu walionipima. Ninachosikitikia ni kwamba katika mara zote saba hakuna aliyeniuliza nilikula nini.

Jina la mwisho lilikuwa alsa, na hapo ndipo asali ilipoingia. Kwetu asali ni dawa, haina mjadala. Shangazi yangu aliniletea chupa nzima kutoka kwa mrinaji wa upande wa Ntimaru, asali nyeusi yenye harufu ya moshi, akaniagiza vijiko viwili vikubwa asubuhi kabla ya kula chochote, na viwili usiku. Nilimtii siku tisa. Sijawahi kuumwa kama nilivyoumwa siku hizo tisa. Shangazi akasema ni dawa inafukuza ugonjwa, niongeze kijiko cha tatu.

Siku ya kumi nilikuwa na safari ya Kisii kwa mkutano wa walimu. Barabara ya Isebania hadi Kisii inapita Migori, Awendo na Rongo, na wakati huo sehemu zake zilikuwa mashimo matupu. Nilikuwa nimekunywa asali yangu alfajiri, na kwenye stegi ya Migori, kwa kutotaka kusafiri na njaa, nikanunua embe dodo lililoiva vizuri. Tulipoipita Awendo nilijua. Jasho lilinitoka mgongoni, mikono ikawa baridi, nikaanza kuhesabu miti kando ya barabara. Nilimwomba kondakta asimamishe gari. Akasema tungoje Rongo. Sikuweza kungoja Rongo.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Nitasema tu kwamba mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa nyuma yangu na kikapu cha kuku, alisimama, akavua leso yake kiunoni, akanifunga nayo na kumwambia dereva kwa Kijaluo maneno yaliyomfanya asimamishe gari papo hapo. Alishuka pamoja nami. Matatu ikaondoka na kuku wake wakiwa ndani, akaniambia, "Usijali, mwanangu, wananifahamu Rongo." Alinipeleka kwenye boma la watu asiowajua, akaniombea maji na sabuni. Leso yake ninayo mpaka leo kwa sababu alikataa katakata nimrudishie. Na kwa sababu yake niliacha kuona haya kulitaja jambo hili. Mtu akishakuoshea nguo kando ya barabara, aibu iliyobaki ni ya nini?

Kesi yangu ilisikilizwa Kisumu, na daktari wa makamo aliyekuwa na mazoea ya kuandika kwa penseli. Hakuanza na vipimo. Aliniuliza, "Mwalimu, jana ulikula nini?" Nikajibu. "Na juzi?" Nikajibu kwa kubahatisha. "Na siku ile ya matatu?" Hilo nililikumbuka mpaka harufu yake. Aliandika asali, akaandika embe, akapiga mstari chini yake. Kisha akaniuliza swali lililonishangaza: "Miwa je? Ukitafuna miwa unaumwa?" Nimekulia karibu na miwa ya Awendo. Nimeitafuna maisha yangu yote, na haikuwahi kuniumiza. Wala chai yenye sukari vijiko vitatu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata ufunguo aliokuwa akiutafuta mfukoni.

Maelezo yake niliyarudia mara nyingi baadaye, kwa vitabu na kwa kuuliza, na nayatoa hapa jinsi ninavyoyaelewa. Sukari ya matunda na asali iitwayo fruktosi haina nguvu ya kujipenyeza yenyewe kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Inahitaji mlango, na mlango wake ni protini ambayo wataalamu waliipa jina la GLUT5. Watu hutofautiana kwa wingi wa milango hiyo. Ukimpa mtu mwenye afya njema gramu 50 za fruktosi tupu kwa mkupuo, aghalabu hatazifyonza zote. Mwingine hushindwa hata na nusu yake. Inayobaki nje ya mlango huteremka hadi utumbo mpana, ikivuta maji njiani, na huko inapokewa na bakteria wanaoichachusha kama pombe ya wimbi inavyochachuka kwenye mtungi: povu, joto, gesi. Maji yale ndiyo kuendesha. Gesi ile ndiyo ngoma iliyokuwa ikiinua shuka langu.

Fruktosi ikisafiri na glukosi, hata hivyo, hupita kwa urahisi zaidi, kwa maana glukosi humsaidia mwenzake kuvuka. Sukari ya miwa ni fruktosi moja iliyoshikana na glukosi moja, nusu kwa nusu, na ndiyo maana chai haikunidhuru. Asali ina fruktosi nyingi kuliko glukosi. Kwenye tikiti maji fruktosi ni kama mara mbili ya glukosi, na embe pia limeelemea upande huo huo. Ile inayozidi hukosa wa kuivusha. Miaka yote nilikuwa nikiambiwa niache sukari, na nilikuwa nikiiacha, nikinywa chai chungu na kujilipa kwa embe.

Kipimo kipo. Gesi ya haidrojeni inayotengenezwa na bakteria huingia kwenye damu, ikapanda mpaka mapafuni na kutoka kwa pumzi. Mgonjwa hunywa fruktosi iliyopimwa, kisha hupuliza kwenye chombo kila baada ya muda kwa saa mbili au tatu, na haidrojeni ikipanda jibu limepatikana. Daktari aliniambia chombo hicho hakuwa nacho na hakutaka kuniuzia safari ya kukitafuta. "Tutatumia daftari," akasema. Alitaka pia kuhakikisha mambo mengine: kama naona damu kwenye choo, kama napungua uzito bila sababu, kama nina homa, kama maumivu huniamsha usingizini hata siku ambazo sijala cha kuniudhi, kama kuna aliyepata saratani ya utumbo kwetu. Alinipima wingi wa damu. Alisema jibu moja tu la ndiyo kati ya hayo lingempeleka njia nyingine kabisa, na naomba msomaji mwenye tumbo linalofanana na langu asiliruke swali hata moja. Alinieleza vilevile kwamba kuna watoto wachache wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kuisaga fruktosi kwenye ini, na kwao tone la asali ni hatari kubwa. Huo ni ugonjwa mwingine, wa kurithi, na hujitokeza mtoto anapoanza kulishwa vyakula vitamu.

Wangu aliuita kwa herufi tatu, IBS. Utumbo mwepesi kuchokozeka, ndivyo ninavyoutafsiri. Wataalamu waliokubaliana vigezo vyake vya Roma mwaka wa 2016 wanataka maumivu ya angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yenye angalau mawili kati ya haya: kuhusiana na kwenda choo, kuambatana na choo kubadilika mara zake, kuambatana na choo kubadilika umbo lake, na yawe yalianza si chini ya miezi sita iliyopita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane ya ushahidi. Kutofyonza fruktosi peke yake, alisema, wengi wanako na hawajui, kwa kuwa tumbo lao halisemi kitu. Huenda hata kaka zangu walibakiza fruktosi tumboni kama mimi. Tofauti ni kwamba neva za utumbo wangu zina masikio makali: gesi ambayo wao hawaisikii, kwangu ni kelele. Nilipolielewa hilo nililia, palepale kwenye kiti. Niliishi nikidhani mimi ni muoga wa maumivu.

Daftari lilikuwa la kurasa tisini na sita, lile la wanafunzi lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Upande wa kushoto chakula na saa, upande wa kulia tumbo. Wiki nne nilikula nilivyoelekezwa: ugali wa wimbi na muhogo kama wa bibi, sukuma wiki, wali, viazi mviringo, mayai, omena ambazo ng'ambo ya Sirari ni dagaa, machungwa, paipai kidogo. Chapati niliziacha, maharagwe pia, na kwa mwalimu anayekula githeri ya shule siku tano kwa wiki hilo halikuwa jambo dogo. Nilibeba chakula kwenye kopo. Wenzangu wawili wakadhani najiona. Baadaye, nilipowaeleza, mmoja wao alinivuta kando akaniambia yake, na ilikuwa ndefu kuliko yangu.

Mpango huo una historia fupi. Ulipata jina mwaka wa 2005 kutoka kwa Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walioiweka fruktosi kundi moja na ndugu zake wanaochachuka vilevile: laktosi ya maziwa, sukari za maharagwe, sorbitoli, na zile nyuzi za ngano na vitunguu ambazo ni fruktosi zilizofungwa mnyororo. Jambo linalosahaulika na wengi wanaoufuata ni kwamba ni mpango wa muda. Unaacha kwa wiki mbili hadi sita, kisha unarudisha kimoja kimoja na kusikiliza. Nimeona watu waliobaki kwenye hatua ya kwanza mwaka mzima, wakakonda, wakaogopa kila sahani. Hiyo si tiba.

Kurudisha ndiko kulikonifundisha zaidi. Maziwa yalipita salama, hata bilauri nzima. Hapo nilikumbuka kwamba Sarah Tishkoff na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka wa 2007 kwa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, walionyesha kwamba wengi katika eneo letu wana badiliko la jeni linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, nalo si lile la Wazungu. Limezuka huku huku, kwa wafugaji. Nilijiona mwana wa watu wenye ng'ombe. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake, nusu kikombe, yalikubalika. Kitunguu kilinishinda. Ndicho kilichokuwa kigumu kuamini, maana hakuna mboga, hakuna samaki, hakuna supu kwetu isiyoanza na kitunguu kikikaangwa, na gunia la vitunguu vyekundu kutoka Tanzania halikosi kwenye soko lolote la mpakani. Mnyororo wa fruktosi uliomo kwenye kitunguu hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuukata. Kwa bahati njema huyeyuka kwenye maji na hauyeyuki kwenye mafuta. Sasa nakikaanga kitunguu kikubwa kwenye mafuta, nakitoa chote kwa kijiko kabla ya kutia nyanya, na harufu inabaki. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo jikoni kwa mama, aliniangalia nikikitupa kitunguu kizima, akanyamaza kwa heshima ya elimu yangu.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Uganda, kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliandika baadaye kwamba magonjwa ya utumbo yanayowasumbua Wazungu ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya chakula chao chenye nyuzi nyingi. Alifika mbali, akapima hata uzito wa vinyesi na muda ambao chakula hukaa mwilini. Namheshimu kwa hilo, na katika mengi alikuwa sahihi. Lakini sehemu kubwa ya hesabu ya nani anaumwa na nani haumwi ilitoka kwenye vitabu vya hospitali. Tumbo la kujaa gesi halikumpeleka mtu hospitali Mulago, wala halikumpeleka Isebania. Mtu alikaa nalo, au alilipa jina la minyoo. Mpaka leo ninapowaambia watu kwamba nina IBS, yupo atakayecheka na kusema huo ni ugonjwa wa wenye nafasi. Natamani mtu huyo angekaa benchi la kliniki yoyote ya mji huu asubuhi moja tu, aulize wanaoshika matumbo jana walikula nini.

Nililiandika daftari kwa miezi mitano kabla ya kulionyesha nyumbani. Ilikuwa Jumapili, mama ameketi kwenye kigoda anachagua maembe, mabichi huku, yaliyoiva kule. Nikamsomea. Nilimwambia habari za milango na za fruktosi inayokosa wa kuivusha. Alisikiliza bila kuinua uso. Nilipofika kwenye tikiti maji aliweka chini embe alilokuwa nalo.

"Mimi sijala tikiti tangu nizae kaka yako wa kwanza," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Hayanipendi. Maembe nayo hayanipendi. Yananijaza, yananikata. Nikajua ni mimi tu."

Nilijaribu kukumbuka, katika miaka ishirini na zaidi ya kukaa naye kwenye kibanda kile, siku moja tu niliyomwona akitia tunda mdomoni. Sikuipata. Alikuwa akionja kwa ncha ya kisu ili amhakikishie mteja utamu, basi. Sisi tuliogombea vipande vya jioni tulidhani anatuachia. Na alikuwa akituachia kweli, lakini alikuwa akijikinga pia, na hakuona kwamba mtoto wake wa tatu anakimbilia gizani kwa sababu ile ile. Alipoliona hilo, Jumapili ile, alifunika mdomo kwa kiganja. Nilipiga magoti mbele ya kigoda nikamshika mikono. Ingekuwaje ajue? Mkunga hakumwuliza, muuguzi hakumwuliza, na mimi mwenyewe, nikiwa na shahada, sikuwa nimemwuliza.

Mama hapendi kuandika. Daftari nililomnunulia alilifungia sabuni. Lakini ana makaa, na ana mlango wa jiko. Nilimwambia tuanze na paipai, kwa kuwa fruktosi yake na glukosi yake zinakaribiana, na ale kiasi kile kile siku tatu mfululizo kisha aongeze. Alichora mwenyewe: mstari mmoja kwa kila kipande, na duara kando yake ikiwa tumbo limesema. Jumamosi iliyofuata alinipigia simu asubuhi na mapema, kabla hajafungua kibanda. Kwa nyuma nilisikia lori likipiga honi na mtu wa Sirari akimwamkia shikamoo.

"Vipande viwili sawa," akasema. "Jana nilikula vitatu. Vitatu hapana."

Akanyamaza kidogo, akaitikia marahaba, akarudi kwenye simu. "Kesho najaribu chungwa."